Matembezi ya saa mbili Karura: kuitambua miti ya asili kwa mtu anayekaa Mwiki

Wapwani tuliohamia Mwiki, mtaa unaoanzia upande wa Kasarani ukaingia hadi eneo la Ruiru, hatukosi lalamiko moja: hapana miti. Ploti zimepimwa zikagusana, mawe ya machimbo yamegeuka ghorofa, na kijani kinachobaki ni ua wa jirani, mgrivea mmoja kwenye kona na mjakaranda kando ya barabara. Hata hiyo miwili ni migeni. Mgrivea, ambao Wakikuyu wauita mukima, ulitoka Australia, na mjakaranda ukatoka Amerika ya Kusini. Mtu anaweza kukaa hapa miaka kumi asiujue hata mti mmoja wa ardhi hii, na ilhali msitu wa kweli uko chini ya kilomita ishirini kutoka kwake.

Msitu huo ni Karura. Nimeuzunguka mara nyingi, peke yangu na pamoja na wageni kutoka nyumbani, na maswali wanayoniuliza ni yale yale: huu ni mti gani, na kwetu upo? Nimeyakusanya majibu hapa yamfae mzazi mwenye watoto wakati wa likizo, mgeni aliyekuja Nairobi kwa wiki moja, na hata aliye Kilifi au Kwale anayetaka kutumia njia hiyo hiyo kwenye msitu wa karibu naye.

Kwanza tuelewane kuhusu neno asili. Bibi akisema mwarobaini ni dawa ya asili, hakosei kwa maana yake yeye. Lakini kwa wanaosoma mimea, mti wa asili ni ule uliofika mahali bila kuletwa na binadamu. Kwa kipimo hicho mwarobaini si wetu, ulitoka Bara Hindi. Mwembe vilevile. Mkanju waliuleta Wareno kutoka Brazil. Mvinje tunaoukatia boriti ni wa upande wa Australia na kusini-mashariki mwa Asia. Mnazi wenyewe, ambao hakuna harusi wala matanga ya pwani yanayopita bila tui lake, chimbuko lake ni ng'ambo ya bahari. Mkwaju ni kinyume. Waarabu waliuita tamri hindi, yaani tende ya Hindi, na watu wengi wakashika kuwa umetoka huko, kumbe ni mti wa Afrika tangu mwanzo. Mbuyu nao ni wa Afrika.

Ugeni si kosa la mti. Wasiwasi ni kwa ule mmea mgeni usiojua mipaka, kama lantana, kichaka chenye maua madogo ya rangi mchanganyiko na majani yanayokwaruza, yanayonuka ukiyagusa. Ulitoka Amerika ya joto, ukapandwa kama ua la bustani, na leo pembezoni mwa misitu mingi wafunika miche michanga hadi ikose jua. Karura utauona. Ukiujua huo kabla ya mimea mingine yote, tayari umeanza kusoma msitu.

Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ina ukubwa wa zaidi kidogo ya hekta 1,000, nayo imepasuliwa na barabara mbili, ya Limuru na ya Kiambu. Miaka ya 1990 vipande vyake vilianza kugawiwa watu binafsi ili wajenge. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakapinga, na tarehe 8 Januari 1999, walipokwenda kupanda mti langoni, walishambuliwa na walinzi naye akaumizwa kichwani. Picha zake akivuja damu zilizunguka dunia. Agosti mwaka huo huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilizipa jamii nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali, na kwa njia hiyo kikundi cha Friends of Karura Forest kikaungana na Huduma ya Misitu ya Kenya, uzio ukawekwa, na watu wakaanza kuingia bila hofu ya kuporwa. Sisi wa pwani, ambao tumeona fukwe na vipande vya kaya vikipata hatimiliki usiku, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Si Karura yote ni miti ya asili. Sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi na miti mingine migeni kwa ajili ya mbao na kuni, na pale mashamba hayo yanapovunwa miti ya asili inarudishwa polepole. Kwa mwanafunzi hilo ni bahati, maana aweza kuona tofauti bila kwenda mbali. Ukiingia penye mikaratusi, vigogo vimenyooka kama nguzo, gome lachambuka vipande virefu, na chini mna majani makavu tu. Ukivuka hadi penye msitu wa asili, utaona tabaka: miti mirefu, chini yake mifupi, chini yake vichaka, kisha kamba za mimea inayotambaa. Kelele za ndege pia huongezeka. Simama hapo dakika tano kabla ya kuuliza jina la mti wowote.

Njia ninayoitumia kutambua ni ya kuanza na jani lililoanguka. Kuchuma hakuruhusiwi, wala hakuna haja. Tazama kwanza namna majani yalivyokaa kwenye kijiti. Je, yamekaa mawili mawili yakikabiliana, au yanapishana, moja huku na moja kule? Kisha tazama kama jani ni moja zima, au ni vijani vingi juu ya kikonyo kimoja kama mkwaju. Ligeuze uone rangi ya upande wa chini. Lifikiche ulinuse. Baada ya hapo ndipo uinue macho kwenye gome na umbo la mti, na uangalie matunda yaliyodondoka chini. Watu wengi huanza na gome, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu gome la mti mchanga na la mzee wa aina ile ile huweza kuwa tofauti kabisa.

Mti wa kwanza wa kujifunza ni mukinduri, jina la Kikuyu ambalo wakazi wengi wa Nairobi walijua hata wasipokuwa Wakikuyu. Kitaalamu ni Croton megalocarpus. Upepo ukivuma utautambua kwa mbali, kwa kuwa majani hugeuka na upande wa chini una rangi ya fedha iliyoingia ukahawia. Matawi yake hutanda kwa ngazi, na chini yake hukosi kuona vidonge vigumu vya kijivu, kila kimoja kina mbegu tatu. Mbegu hizo zina mafuta mengi, na zimewahi kukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo. Mukinduri hupandwa sana kwenye mipaka ya mashamba, kwa hivyo hata huku kwetu Mwiki na Ruiru kuna mabaki yake penye uzio wa zamani. Ukishaujua Karura, utauona hapa kila siku.

Wa pili ni munderendu, Vepris simplicifolia, mti mdogo wa kivulini ambao ni mwingi mno humo. Ni ndugu wa mdimu. Liinue jani juani utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga kama vimetobolewa na sindano. Ndivyo vifuko vya mafuta, na ukilifikicha jani utapata harufu ya ndimu kwa mbali. Watoto huupenda mchezo huu kuliko maelezo yoyote.

Mutamaiyu ni mzeituni mwitu. Majani yake ni membamba, yanakabiliana, juu kijani kilichokoza na chini yamepauka, yana ncha kali. Ni wa jamii moja na zaituni iliyotajwa katika Qurani, lakini matunda yake ni madogo na hayana nyama ya maana. Wafugaji wa Kimaasai na Kikalenjin hutumia vijinga vyake kufukizia vibuyu vya maziwa ili yasiharibike upesi na yapate ladha.

Muthiga, Warburgia ugandensis, hauwezi kuufananisha na mwingine ukishaonja. Majani na gome vina ukali wa pilipili unaokawia kufika, kisha unakuja wote kwa pamoja. Gome lake hutafunwa kwa kikohozi, maumivu ya jino na tumbo, na majani yake yametumiwa kutia ladha kwenye mchuzi. Tatizo ni hilo gome. Mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina hufa, na mara nyingi anayebandua hatoki eneo hilo wala harudi kuangalia. Kwetu pwani kuna ndugu yake, Warburgia stuhlmannii, nao wakabiliwa na kisu hicho hicho. Usionje mmea wowote msituni ila uwe na mtu anayeujua, hata huu.

Ukiona maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta, na makaka membamba marefu yaning'iniayo kama kamba za viatu, huo ni muu, Markhamia lutea. Nimewahi kumwonyesha mgeni kutoka Lamu, akaniambia kwao hakuna. Upo, kwa sura nyingine. Ndugu yake wa pwani, Markhamia zanzibarica, ndio mtalawanda, ule mti ambao wazee walichongea viatu vya kuingilia chooni, na viatu vyenyewe vikaitwa mitalawanda. Viatu sasa ni vya plastiki, na jina la mti limebaki kwa wachache.

Mugumo hauhitaji mwongozo mrefu. Ni wa jamii ya mkuyu, wenye utomvu mweupe, na mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine baada ya ndege kudondosha mbegu. Mizizi hushuka, ikakaza, na baada ya miaka mingi mwenyeji hufa ndani yake. Wakikuyu waliomba na kutambika chini ya mugumo, ndiyo maana katika nchi iliyofyekwa yote kwa ajili ya kahawa na chai bado utaukuta mmoja umesimama peke yake. Thika wana hadithi yao. Inasimuliwa kuwa mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa Waingereza utakoma siku mugumo wa pale utakapoanguka, na kwamba Waingereza wenyewe wakauzungushia chuma usianguke. Ukaanguka mwaka 1963. Mahali pake paitwa Mugumo Gardens hadi leo, na mtu wa Mwiki aweza kwenda na kurudi kabla ya magharibi.

Nimeuacha muhugu mwisho kwa sababu ndio mti ninaotaka mtu wa pwani autafute zaidi ya yote, na ndio wenye kesi kubwa.

Muhugu ni Brachylaena huillensis. Jani lake ni la kijani juu na limepauka kwa vinyweleo chini, kwa hivyo asiyezoea huuchanganya na mukinduri. Tofauti ni kwamba jani la muhugu ni dogo na jembamba zaidi, na shina lake la kijivu lina mifereji, mara nyingi limepindika kama mtu aliyebeba mzigo begani. Ni wa familia ya alizeti, jambo ambalo hakuna anayeliamini mara ya kwanza. Kuna miti dume na miti jike, na mbegu zake ndogo hupeperushwa na upepo. Hukua polepole sana. Mbao yake ni nzito, yanukia kama msandali, na mchwa haiwezi. Kwa hiyo ilikatwa kwa nguzo za uzio, kwa sakafu, kwa mafuta ya manukato, na kwa vinyago.

Hapo kwenye vinyago ndipo pwani inapoingia. Msitu wa Nairobi na msitu wa Arabuko-Sokoke, mmoja kwenye nyanda za juu penye baridi ya Julai na mwingine karibu na bahari, yote miwili ina muhugu. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, huwa nao hasa kwenye udongo mwekundu wa upande wa ndani. Ufundi wa kuchonga wa Wakamba ulianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyeupata Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na biashara ilipokua ikateremka hadi Mombasa na Malindi palipo watalii. Mpingo ulipokuwa haba, muhugu ukawa ndio mti wa twiga, wa kifaru na wa sura za Wamaasai zinazouzwa kando ya hoteli. Kila kinyago ni kidogo. Lakini mti wa kutoa gogo zuri umechukua miaka mingi mno kufika hapo, na mafundi ni maelfu. Leo muhugu umo katika orodha ya kimataifa ya miti inayokaribia hatari ya kutoweka.

Tangu miaka ya 1990 mafundi walihimizwa kuhamia miti ya shambani inayokua haraka: mwembe uliokwisha kuzaa, mjakaranda, na zaidi ya yote mwarobaini. Yaani mti mgeni wa bibi ndio unaouponya mti wa asili. Ndiyo sababu siwaungi mkono wale wanaotaka kung'oa kila mti uliotoka nje. Ukinunua kinyago Mombasa au Malindi, muulize fundi ni mti gani. Mwarobaini una wekundu na ni mwepesi mkononi. Muhugu ni mzito, wa rangi ya kahawia inayoelekea manjano, na una harufu. Fundi hatakuficha, anaujua mti kuliko mimi na wewe. Swali lenyewe humfanya ajue kuwa mnunuzi anajali.

Sasa mambo ya safari. Kutoka Mwiki panda matatu hadi Barabara ya Thika, ushukie Muthaiga, kisha ufuate Barabara ya Kiambu. Malango ya upande huo ndiyo ya karibu kwetu kuliko lile la Barabara ya Limuru. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha mkazi na cha mgeni si kimoja, na bei hubadilika. Ndani njia zimewekewa namba kwenye makutano, kwa hivyo ni vigumu kupotea. Kwa matembezi mafupi saa mbili zatosha. Elekea maporomoko ya Mto Karura na mapango yanayosemekana yalitumiwa na Mau Mau, kwa kuwa kando ya mto ndipo msitu wa asili ulipo mnene. Baada ya mvua za masika njia huteleza, na kandambili hazifai kabisa.

Vaa suruali ndefu. Kuna mmea wa kuwasha ambao wenyeji wauita thabai; sisi tungesema upupu, ingawa upupu wetu ni mmea mwingine unaowasha kwa ganda lake, na huu huwasha kwa jani. Siafu wapo wakati wa mvua. Ukikuta mti wenye matawi kama kinara cha mishumaa na utomvu mweupe, usiuguse kisha ukajifuta macho. Utomvu huo waweza kupofusha.

Kuhusu vitabu, kile cha Henk Beentje kuhusu miti, vichaka na kamba za Kenya, kilichotolewa na Makumbusho ya Taifa mwaka 1994, ndicho wataalamu wanachorejea, ila ni kizito kwa anayeanza. Kitabu cha Najma Dharani chenye picha ni rahisi zaidi kubeba. Programu za simu za kutambua mimea kwa picha husaidia, lakini zimefunzwa zaidi kwa mimea ya kwingine, na mara nyingi zitakupa jina la ndugu badala ya jina la mti wenyewe. Piga picha ya jani pande zote mbili, ya gome na ya tunda. Kisha uliza mzee. Huku Mwiki pana Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Wakisii, na kila mmoja ana jina lake la mti. Yaandike yote, ukiweka na jina la kisayansi ukilipata, kwa sababu jina moja la mtaani hubeba miti miwili mitatu tofauti.

Aliye pwani hana haja ya kuja Karura. Arabuko-Sokoke ina njia za kutembea na waongozaji karibu na Gede, na huko muhugu na mrihi utaonyeshwa kwa majina ya Kigiriama. Kwale kuna Kaya Kinondo, karibu na Diani, mojawapo ya kaya za Mijikenda. Kaya kumi na moja ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Pale utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, huchukui hata kijiti kilichoanguka, na mwongozaji ndiye atakayesema lipi lipigwe picha na lipi lisipigwe. Mpigie simu mwenyeji mapema, hasa mkiwa na watoto, maana kuna siku kaya haiingiwi.